Imani, kicheko na shukrani nyumbani: anza na swala ya Magharibi

Kila nikikaa na wanawake wenzangu, iwe harusini, matangani, au tukingoja boti ya kwenda Mokowe, suala huwa moja: wasaa twautoa wapi? Alfajiri kuna mahamri ya kukaanga na watoto wa kupeleka skuli, mchana kuna kitoweo, alasiri watoto waende chuoni kusoma Kurani, jioni nguo zianuliwe na vyombo vioshwe. Mtu akiambiwa aijaze nyumba yake imani na furaha, huona ameongezewa kazi ya saba juu ya sita alizonazo.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Tunaishi mtaa wa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, nyumba moja na mume wangu na mama mkwe wangu, watu saba kwa jumla. Wasaa mpya sijaupata mpaka leo. Nilichogundua ni kwamba hauhitajiki. Imani, kicheko na shukrani huanikwa kwenye kamba ambayo tayari imefungwa nyumbani: adhana, sinia, kazi za mikono, sahani ya jirani. Hatua zifuatazo ndizo tulizopitia sisi, kwa mpango huu huu. Usizichukue zote kwa pamoja. Ya kwanza ikishakuwa mazoea, yaani ikifika mahali mtoto anakukumbusha wewe, ndipo uguse ya pili. Kwetu sisi ilichukua kama wiki tatu.

Hatua ya kwanza: shika Magharibi peke yake

Swala ni tano na zote ni faradhi, hilo halina mjadala. Ninalosema hapa ni ile swala ambayo nyumba nzima itakusanyika. Alfajiri watoto wana usingizi mzito. Adhuhuri wako skuli, Alasiri wako chuoni, Isha mdogo keshalala. Magharibi kila mtu yuko. Tena sisi wa Lamu tuko kama digrii 2 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la jioni huchelewa au huwahi kwa kiasi cha nusu saa tu. Ratiba ya nyumba haivurugiki.

Robo saa kabla ya adhana, fanya mambo matatu. La kwanza, ipua sufuria. Usipunguze moto ukasema utarudi upesi; ipua kabisa. Mama anayeswali huku wali uko jikoni, moyo wake uko kwenye ukoko, na watoto wanaona. La pili, weka ndoo na kata mlangoni kwa ajili ya miguu, maana watoto watatoka ufukoni na mchanga hadi magotini. La tatu, kusanya simu. Nyumba za kale za hapa zina vidaka ukutani, vile vishubaka vya chokaa ambavyo mabibi zetu walipanga sahani za kaure na vitabu. Kwetu simu zote huingia kidaka kimoja, ya baba ikitangulia. Ya baba isipotangulia, hatua hii haitafanikiwa, nakuambia mapema. Nyumba isiyo na kidaka, bakuli litatosha.

Baba na vijana huenda msikitini, na sisi wanawake huswali ndani. Wakirudi, mkeka bado umetandikwa. Tunakaa. Mtoto mmoja, kwa zamu, anaomba dua kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Dua za Kiarabu watoto wanazisoma chuoni na wanazijua kuliko mimi. Hapa nataka kusikia mtoto akizungumza na Mola wake kwa lugha anayoamkia. Siku ya kwanza zamu ilikuwa ya mdogo wetu, ana miaka mitano. Alifumba macho kwa nguvu mpaka pua ikakunjamana, akasema, "Ewe Mola, mguu wa paka wa Bi Mkubwa wa nyumba ya pili upone, na asitiwe maji na watu." Kaka yake alitaka kucheka. Bibi yake akaitikia "Amin" kwa sauti nzito kabisa, na sote tukaitikia. Kicheko kina mahali pake na tutafika. Dua ya mtoto si mahali pake.

Yote haya hayapiti dakika kumi. Yakipita, watachoka na utawapoteza.

(Wenzetu Wakristo, hapa kwenye kaunti na kule Malindi, wanayo sala ya jioni na ile ya kabla ya chakula. Wafunge hapo. Hatua zilizobaki ni zile zile.)

Hatua ya pili: kuleni sinia moja

Hii wengi tulikuwa nayo tukaiacha wenyewe. Tuliona sahani ya mtu peke yake ndiyo ustaarabu. Irudishe sinia, japo mara moja kwa siku.

Sinia ina mafunzo yake ambayo hayahitaji hotuba. Kijana Umar bin Abi Salama alilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka kila upande wa sahani. Mtume akamwambia: "Ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako." Hadithi hii imo kwa Bukhari na Muslim. Nilipowasimulia wanangu, walichokipenda ni kwamba kule nako kulikuwa na mtoto anayepeleka mkono upande wa mwenzake. Tangu hapo mkono ukivuka mpaka, si mimi ninayekemea. Mmoja wao huita tu, "Ewe kijana!" na mkono unarudi.

Kisha ndipo shukrani inapoingia. Kusema Alhamdulillahi tunasema sote, lakini ulimi umezoea mpaka hausikii. Fanya hivi: kabla ya mkono kuingia, mtu mmoja ataje njia iliyopitwa na chakula hiki mpaka kufika hapa. Ataje watu, asitaje mambo ya jumla. Leo ni tafi wa kupaka na wali. Nani alimvua tafi? Nani alibebeshwa nazi kutoka shambani? Punda wa nani? Nani alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi mbili mpaka mkono ukauma, nani alichuja tui? Watoto wanastaajabu orodha inavyorefuka. Ukifika kwa aliyekuna nazi, na aliyekuna nazi ni binti aliyekaa hapo hapo akiangalia chini kwa haya, utaona uso wake. Mtume alisema kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Mimi zamani nilikuwa nikiifahamu hadithi hii kama adabu ya kusema ahsante. Siku hizi naiona kama mlango: mtoto hawezi kumwona Mpaji asiyeonekana ilhali hajamwona dada yake aliyeloa jasho jikoni.

Msigeuze kuwa mtihani. Njia ya watu watatu au wanne yatosha. Njaa nayo ina haki yake.

Hatua ya tatu: kipe kicheko mipaka, kisha kiachie

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za watu wa dini zinapokosea, na kwetu tulikosea pia. Tulidhani nyumba ya heshima ni nyumba kimya.

Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) akaomba apewe mnyama wa kupanda. Mtume akamjibu, "Tutakupandisha juu ya mtoto wa ngamia." Yule mtu akasema, mtoto wa ngamia nitamfanya nini? Akaambiwa, "Kwani ngamia huzaliwa na nani ila ngamia?" Huo ulikuwa mzaha, na ulikuwa kweli tupu; masahaba walipomuuliza juu ya kutania kwake, alisema kwamba hasemi ila la kweli. Simulia kisa hiki nyumbani uone kitakavyozaa. Kijana wangu wa pili alipokuwa akinisumbua nimlipie kupanda punda mpaka Shela, baba yake akamwambia kwa utulivu, "Utapanda mtoto wa punda." Alikasirika, akenda zake hadi kwenye ngazi, kisha tukasikia kicheko kutoka ngazini. Alikuwa ameifahamu. Wiki nzima kila kitu nyumbani kikawa mtoto wa kitu: tunakula mtoto wa kuku, tunakaa na mtoto wa bibi.

Mipaka ni miwili tu. Wa kwanza ni kweli. Uongo wa kuchekesha haufai. Wa pili ni kwamba anayechekwa naye awe anacheka. Sura ya Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, na sisi watu wa pwani kwa kubandikana majina hatujambo. Mtoto mwenye meno ya mbele, mtoto anayechechemea, mtoto mzito wa kusoma, jina hupewa akiwa na miaka sita na akazikwa nalo. Futa majina hayo nyumbani kwako wiki hii. Waite wote usiku mmoja, muulize kila mtu ni jina gani linalomuuma. Utasikia mambo. Mimi nilisikia, na nililia baadaye peke yangu, maana moja wapo nililianzisha mimi kwa mapenzi.

Kicheko kizuri kina kazi moja kubwa: kumnyanyua aliyekosea. Nitakueleza tulivyofundishwa hilo.

Ilikuwa Ramadhani, mwaka ambao binti yangu alikuwa na miaka tisa. Aliomba apike tambi za futari peke yake, nami nikamwachia jiko. Kopo la sukari na kopo la chumvi vilikuwa vimekaa bega kwa bega. Adhana ikaita, tukafungulia tende na maji, tukaswali, sinia ikaja: mihogo ya nazi, kaimati, na katikati tambi zake zimepangwa vizuri na zabibu juu. Baba yake akatia mkono kwanza. Nikamwona amesimamisha taya. Mimi nikatia, nikajua. Chumvi ya bahari. Chumba kikanyamaza, mtoto anatuangalia mdomoni mmoja baada ya mwingine, macho yameanza kujaa.

Mama mkwe wangu akala tonge la kwanza, akameza. Akala la pili. Kisha akajipangusa vidole kwenye leso akasema, "Alhamdulillahi. Miaka sabini nala tambi za sukari, leo Mola kanionesha kwamba tambi ni kitoweo. Njoo, mwanangu, niletea mkate." Akaletewa mkate wa mofa, akazila tambi zile kwa mkate, kweli kweli, si kwa kuigiza. Tukaanza kucheka, na binti akacheka huku machozi yanashuka, akajaribu mwenyewe kwa mkate. Nyumbani kwetu mpaka leo tambi za chumvi ni chakula chenye jina lake na tunapika makusudi. Imepokewa kwamba Mtume hakupata kukitia dosari chakula hata mara moja. Akikitaka hula, asipokitaka hukiacha. Bibi hakuitaja hadithi hiyo usiku ule. Aliifanya.

Kwa hivyo utaratibu ni huu: kosa la mtoto likitokea mbele za watu, mkubwa kuliko wote chumbani ndiye azungumze kwanza, na mzaha wake uanguke juu ya kitu, juu ya chumvi, juu ya tambi, usianguke juu ya mtoto. Maneno ya mafunzo, kama yapo, yangoje kesho yake, faraghani. Kwetu hayakuhitajika. Makopo tu yalitenganishwa.

Na umeme ukikatika, usikimbilie kutafuta taa. Pandeni darini. "Kitendawili!" "Tega!" Anayeshindwa hutoa mji, na wanangu ni wagumu wa kupokea miji: Faza wataikataa, Siyu wataikataa, mpaka wapewe Makka, na Makka hawapewi kwa sababu bibi yao anasema si mji wa kutolewa kwa kushindwa. Basi hutulizwa na Mombasa. Usiku kama huo mtoto mkubwa, ambaye kutwa nzima hana neno na wewe, utamsikia akizungumza.

Hatua ya nne: jitayarishieni siku mbaya

Mume wangu ni mvuvi. Kusi likivuma kwa nguvu, baada ya masika, kuna siku chombo hakitoki, na kuna siku kinatoka kikarudi na barafu tupu. Siku hizo ile njia ya chakula tunayoitaja kwenye sinia huwa fupi: unga, maji, na mchicha wa mkopo.

Nisikilize vizuri hapa. Usimlazimishe mtu ashukuru juu ya kidonda kibichi. "Shukuru, wapo wasiokuwa na hiki" ni neno la kweli linalotumika vibaya. Mara nyingi husemwa ili mwenye shida anyamaze. Mwanamke aliyechoka akiambiwa ashukuru, kumbe anahitaji kushikiwa mtoto saa mbili alale, ameonewa. Mpe usingizi kwanza. Nabii Yaaqub (a.s.) katika Sura ya Yusuf alisema kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni na majonzi yake, na alilia mpaka macho yakageuka meupe, naye ni Nabii. Kushitaki kwa Mola si kukufuru.

Kwa hiyo siku mbaya kwetu mpango hugeuka. Juu ya mkeka, baada ya Magharibi, kila mmoja huruhusiwa kusema zito lake kwanza. Baba husema, mbele ya watoto, kwa kiasi wanachoweza kukibeba: "Leo sikupata kitu na moyo wangu mzito." Hakuna anayemjibu kwa nasaha. Tunasema "Mola atafungua", basi. Kisha mtoto anayetaka, na akitaka tu, hutaja kitu kimoja kidogo kilichobaki kizima leo. Usiku mmoja kama huo kijana wangu mkubwa alisema, "Baba amerudi." Maneno mawili. Kila familia ya wavuvi hapa inajua uzito wake.

Wala msichoke kutenda la kutenda. Dua haizibi tundu la mashua. Asubuhi yake mume wangu huwa yuko ufukoni na kalafati.

Hatua ya tano: mpe mzee kazi

Fupi hii. Bibi au babu aliyeko nyumbani asiwe wa kuamkiwa tu na kubusiwa mkono. Mpe jambo lililo lake. Kwetu bibi ndiye mwenye utani rasmi wa nyumba: mjukuu wa kiume ni "mume wangu", wa kike ni "mke mwenzangu", na kesi za wivu huamuliwa darini kila jioni. Na yeye ndiye anayewasimulia jinsi watu wa zamani walivyojiandaa kwa Maulidi ya Mfungo Sita, wageni wakilala kila chumba. Sikiliza, hata kama umesikia mara kumi. Mtoto anasikia mara ya kwanza.

Hatua ya sita: toa sahani Ijumaa

Ijumaa pika ziada ya sahani moja, basi, ya nyumba moja. Mpe mtoto aipeleke, si wewe. Mfunze namna ya kubisha hodi, kuamkia, kukabidhi kwa mkono wa kulia, na kuondoka bila kuchungulia ndani. Nyumba zetu zimeshikana. Nyingine zimeunganishwa kwa wikio, kile chumba cha daraja juu ya njia, na harufu ya pilau haijui kuta. Aliyeisikia harufu ana haki.

Mila ni kwamba sahani hairudi tupu. Wafahamishe wanao kwamba kinachorudi hakipimwi. Ndimu tatu, kipande cha halua, kikonyo cha mrehani, vyote ni sawa. Sisi tulipeleka pilau kwa mama mmoja jirani yetu aliye peke yake. Siku ya pili sahani ikarudi imefunikwa kitambaa, mdogo wetu ameibeba kwa mikono miwili, anapanda ngazi polepole kama amebeba bahari. Alipofika juu hakufunua. Alisimama mbele yetu akapaza sauti, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Tukamwomba arudie. Bibi yake akajifanya hajui, akampa Faza, akakataa, akampa Mombasa, akakubali. Akafunua kitambaa. Tulikuwa watu saba na yai moja. Tulilivuruga kwa vitunguu viwili na nyanya, tukaliweka katikati ya sinia, na kabla ya mkono kuingia mdogo wetu akaanza kutaja njia, akianzia kwa kuku.